Robo Zisizo Robo

Aprili kumi na tatu, Duluth. Theluji imechoka
lakini bado imekaa chini ya ngazi za nyuma
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mezani: kompyuta, miwani, bahasha tatu za benki,
kahawa iliyopoa mara mbili.

Programu ya kodi ina adabu. Inasalimu:
*Karibu tena, Wendell.*
Haijui kifo. Inajua nenosiri.

Imekwisha kunikadiria mwaka mzima:
imechukua kodi ya mwaka jana, imeikata vipande vinne,
kila kimoja dola elfu mbili mia moja na themanini,
keki iliyokatwa na mtu anayeogopa ugomvi.
Na hata hizo robo si robo:
ya kwanza miezi mitatu, ya pili miwili,
ya tatu mitatu, ya mwisho minne.
"Nani aliwafundisha hawa kugawanya?"
Miaka thelathini na moja alilalamika hivyo,
nami nikadhani ni mzaha wa mafundi wa injini.

Mimi narekebisha piano. Za makanisa ya Kilutheri,
za shule, ya baa moja karibu na daraja,
na ya Bibi Haugen, ambaye hapigi, hufuta vumbi tu.
Desemba simu haikomi.
Februari najipigia mwenyewe, nijue kama haijafa.
Yeye alikuwa na boti za watu na kiangazi kinono,
na unono ule ndio uliobeba miezi yangu iliyokonda.

*Je, unatarajia mapato yabadilike?*
Ndiyo.
Kinatokea kisanduku chenye jina lake: 41,350.
Nafuta sifuri. Nafuta tano. Nafuta tatu,
moja, nne,
kama anayemvua mgonjwa viatu, asije akamwamsha.
Programu haitaki kisanduku kitupu.
Naandika sifuri.
Mazishi ya pili, bila mchungaji, bila sandwichi.

Halafu hali ya ndoa.
Kwa mwaka uliokwisha bado tu mume na mke:
alifariki tarehe nane Novemba, na serikali,
kwa ukarimu ambao sikuutegemea,
ilituhesabu wawili mpaka usiku wa mwisho wa Desemba.
Kwa mwaka huu kuna neno moja tu.
Nalibonyeza haraka, kama kubandua plasta.

Tarakimu zinayumba, zinatulia:
mia sita na kumi, mara nne.
Chini yake onyo jekundu: ukipunguza mno, faini.

Wakati wa uchumba nilijaribu kumweleza jambo, akasinzia:
hakuna piano iliyo sawasawa.
Ukikaza kila waya ifikie ukweli wake kamili,
kosa lote hukimbilia pembe moja na kukungoja,
na mafundi wa kale waliliita mbwa mwitu,
kwa jinsi linavyobweka.
Basi sisi kosa tunaligawa.
Kila sauti tunaiibia kidogo,
mpaka sikio lisamehe.

Nafungua ukurasa wa kurekebisha.
Aprili, mia mbili: ni theluji hii hii.
Juni, mia tatu, maharusi wakianza kuona aibu
kwa kinanda cha ukumbini.
Septemba, mia nne na hamsini.
Januari, kilichobaki, elfu moja mia nne na tisini,
Krismasi ikishanilipa.
Programu inataka ushahidi, mwezi kwa mwezi.
Itaupata. Daftari langu lina madoa ya grisi ya mtu mwingine,
lakini hesabu ni zangu.

*Chapisha vocha ya kwanza?*
Karatasi imekwama, kama kila mwaka.
Yeye alikuwa akiipiga printa kofi, ubavu wa kushoto,
palepale penye ufa.
Nikapapasa ufa. Nikapiga.
Ikakohoa, ikatema: AUNE RAUTIO,
na mahali pa jina la pili,
peupe.